Stima inasumbua Kisumu na magharibi: anza na dalili, ujue pa kuishia

“Fundi, Muhoroni wamezima tena?”

Hakuna swali ninalopigiwa simu nalo kuliko hilo, hasa kati ya saa moja na saa tatu usiku. Anayeuliza yuko Nyalenda au Mamboleo, taa zake zimefifia, na tayari ameshauhukumu mtambo wa stima wa Muhoroni, ulio huko kwenye mashamba ya miwa. Mara nyingi anauonea. Kosa liko kwenye nguzo iliyo mbele ya lango lake, au ndani ya boksi lake la bereka, zile swichi zinazojikata stima ikizidi, au kwenye plagi ya pasi.

Haya ni malalamiko yanayojirudia, nikiyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili ninaanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, halafu ninashuka hadi cha nadra. Palipoandikwa ACHA, acha kweli.

Na kabla ya dalili yoyote, toka nje uangalie kwa jirani. Si jirani wa ploti mnayotumia mita moja. Angalia ng'ambo ya barabara. Taa zake zikiwa sawa na zako mbovu, tatizo ni lako. Zikiwa mbovu zote mtaani, weka bisibisi chini, hakuna utakachotengeneza.

Neno moja kuhusu vifaa. Testa ya bisibisi, ile yenye kataa kadogo, ni mwongo mwenye adabu. Itawaka kwenye volti 240 na itawaka kwenye volti 150, haikwambii tofauti. Kama hujui kutumia multimita, nunua kile kifaa cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha volti kwa tarakimu. Nusu ya ushauri wa hapa chini unakitegemea.

TAA HAFIFU JIONI, FRIJI INANGURUMA TU BILA KUGANDISHA

Soketi ya Kenya inatakiwa kutoa volti 240. Jioni, mitaa mingine nimesoma 190, na mara moja, mwisho wa laini ndefu upande wa Nyakach, nilisoma 160. Kwa 160 taa ya LED bado inawaka, simu bado inachaji, na mwenye nyumba anadhani mambo yako sawa. Friji ndiyo inayoumia. Mota yake inajaribu kuanza, nguvu haitoshi, inavuta mkondo mkubwa, inapata joto, inajizima, inajaribu tena. Utasikia mngurumo mfupi halafu “tak”, kimya, kisha mngurumo tena. Ukisikia “tak” hiyo mara tatu, chomoa plagi. Usingoje nije.

Chanzo cha kwanza ni transfoma ya mtaa kuzidiwa. Iliwekwa wakati kuna nyumba thelathini, sasa kuna ploti za ghorofa, saluni mbili, mchomeleaji na kiosha magari. Dalili yake ni saa: mchana volti ziko sawa, zinaanza kuporomoka saa kumi na mbili unusu watu wakirudi nyumbani, saa tano usiku zinapanda zenyewe. Andika usomaji wa saa nane mchana, saa mbili usiku na saa sita usiku kwa siku tatu. Karatasi hiyo, ikiwa na nambari za mita za majirani watano, ina nguvu kuliko kelele za mtu mmoja kwenye simu.

Chanzo cha pili ni kiungo kilicholegea kati ya nguzo na mita yako. Hapa jirani yuko sawa, wewe tu ndiye unayefifia, na unafifia zaidi ukiwasha kitu kikubwa. Washa birika la umeme huku ukitazama volti. Zikishuka kutoka 235 hadi 228 si neno. Zikishuka hadi 190 na kwa jirani hazitikisiki, kuna mahali waya umeshikilia kwa kucha. Gusa ukuta karibu na boksi la mita kwa nyuma ya kiganja, bila kufungua kitu. Ukiwa na joto, au ukisikia harufu ya plastiki iliyoungua, ACHA. Zima swichi kuu na upige 97771, nambari ya Kenya Power. Waya wa kabla ya mita si wako na si wangu, hata niwe na leseni.

Chanzo cha tatu ndicho watu wanachokitaja kwanza, yaani eneo zima kukosa nguvu, na hapa Muhoroni inaingia kweli. Sehemu kubwa ya stima yetu huzaliwa mbali: mvuke wa Olkaria huko kaunti ya Nakuru, maji ya mabwawa ya mto Tana. Ikitembea njia ndefu hivyo, volti huchoka njiani kama maji kwenye mpira mrefu. Tuna vituo vyetu vya maji vya karibu, Sondu Miriu ya megawati 60 iliyoanza 2008, na Sang'oro ya megawati 21 inayotumia maji yaleyale yakishatoka Sondu. Lakini Sondu haina bwawa kubwa la kuhifadhi; hutegemea mto unavyopita. Kiangazi cha Januari na Februari mto unakonda, na vituo vyote viwili vinakonda nao.

Muhoroni ipo kwa ajili ya saa kama hizo. Ni mitambo ya gesi ya jumla ya megawati 60 iliyohamishwa kutoka Embakasi, Nairobi. Jina “mtambo wa gesi” huwachanganya watu wakadhani inachoma gesi ya kupikia. Inachoma mafuta ya majimaji. Gesi inayotajwa ni hewa moto inayozungusha pangaboi, kama injini ya ndege. Kazi yake kubwa si kujaza gridi ya nchi, ni kuinua volti za upande huu jioni. Kwa hiyo ndiyo, ikizimwa saa ya kilele, magharibi nzima inaweza kuhisi. Ila hapo utaona Kisumu, Kakamega na Busia wakilalamika pamoja. Ukilalamika wewe na kinyozi wako tu, rudi kwenye chanzo cha kwanza.

Suluhu ya nyumbani: kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti zikishuka na kungoja dakika tatu hivi kabla ya kurudisha. Stebilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, husaidia kama volti hazishuki sana, lakini kumbuka ili ikupe 230 kutoka 170 lazima ivute mkondo zaidi kwenye transfoma ileile iliyochoka. Mtaa mzima ukinunua stebilaiza, mmesogeza tatizo tu.

BAADHI YA TAA ZIMEWAKA KALI KULIKO KAWAIDA, NYINGINE ZIMEFIFIA

Hii ndiyo dalili inayonitoa kitandani. Watu huikaribisha kwa furaha. Mama mmoja wa Manyatta, mwenye ploti ya vyumba kumi, alinipigia simu saa mbili usiku akicheka.

“Fundi, leo stima ni nzuri! Taa ya sebuleni inang'aa kama ya uwanja wa mpira.”

“Mama, na za vyumba vya nyuma?”

“Hizo ndizo kama mshumaa.”

“Mama, shika simu hivyohivyo, nenda uzime swichi kuu sasa. Waambie wapangaji wachomoe kila kitu.”

Alizima, lakini wapangaji wawili walikuwa wamechelewa: televisheni moja ilikuwa imeshatoa moshi, na chaja tatu zimepasuka. Asubuhi niliona kiungo cha nyutro juu ya nguzo kikiwa cheusi, kimeliwa hadi kubaki nyuzi mbili za aluminiamu zilizokuwa zikitoa cheche upepo ukivuma kutoka ziwani.

Stima inaingia kwa waya wa fezi na kurudi kwa nyutro. Ploti kubwa hupewa fezi tatu, vyumba vikigawanywa kati yake, na vyote vinarudi kwa nyutro moja. Nyutro ikikatika, stima ya chumba chako inatafuta njia ya kurudi kupitia chumba cha mwenzako kilicho kwenye fezi nyingine, na kati ya fezi na fezi kuna volti 415. Mnagawana hizo. Mwenye pasi na jiko la umeme anapata kidogo. Mwenye taa moja na televisheni anapata nyingi mno. Ndiyo maana anayeumia ni yule asiye na vitu vingi.

Chanzo cha kwanza ni kiungo cha nyutro kwenye nguzo au pale waya unapoingia kwenye jengo. Cha pili ni skrubu ya nyutro iliyolegea kwenye boksi la mita au la bereka. Cha tatu, nyutro iliyoibwa au kukatwa na mti kwenye laini.

Hakuna ukaguzi wa kujifanyia hapa. ACHA. Swichi kuu chini, chomoa kila kitu, waamshe majirani, piga simu. Usirudishe swichi “kujaribu kidogo”. Kujaribu kidogo ndiko kunakomaliza friji.

MASHINE YA POSHO AU PAMPU INANGURUMA HAIZUNGUKI

Anayesaga unga Luanda au kupampu maji ya mpunga Ahero ana mota ya fezi tatu. Ikinguruma bila kuzunguka, au ikizunguka kwa uvivu na kupata moto, karibu kila mara fezi moja imepotea. Zima mara moja. Mota ya fezi tatu inayokazana na mbili huchoma nyaya zake ndani ya dakika chache, na kuisuka upya ni pesa ya kulia.

Mara nyingi fyuzi moja imekatika kwenye transfoma. Utajua kwa sababu theluthi ya nyumba za jirani nazo ziko gizani. Kama majirani wote wana stima, tazama bereka yako na kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha mota. Mguu mmoja wa kontakta huungua na kubaki mweusi ilhali miwili inang'aa. Wadudu nao wana mchango wao: nimewahi kufungua boksi moja la pampu Dunga nikakuta mjusi kafiri amekauka kama omena kati ya nyaya mbili, na chini yake tabaka la wadudu wa ziwani. Kuanzia hapo ninaziba kila tundu la waya.

Hakikisha una kifaa cha kukata mota fezi ikipotea. Bei yake haifiki hata nusu ya gharama ya kusuka mota.

STIMA IMEPOTEA KWANGU TU

Usicheke: anza na tokeni. Robo ya wito wangu huishia kwenye mita iliyoandika sifuri. Ikiwa na yuniti, tazama boksi la bereka. Bereka iliyoanguka inaweza kubaki katikati, kwa hiyo ishushe kabisa kwanza ndipo uipandishe.

Ikianguka tena, usiipige ngumi. Chomoa kila kitu nyumbani, shusha bereka zote ndogo, pandisha kubwa. Ikikaa, pandisha ndogo moja baada ya nyingine. Ile inayoangusha kubwa ndiyo yenye kidonda. Iache chini, kisha uchomeke vifaa vya upande huo kimoja kimoja kwenye soketi nzima. Orodha yangu ya washtakiwa, kwa mpangilio: shawa ya maji moto, birika, pasi, kebo ya nje iliyoingia maji. Kubwa ikikataa kukaa hata ndogo zote zikiwa chini, ACHA. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, na una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni hiyo.

Kuna wanaoweka bereka kubwa zaidi ili “isisumbue”. Bereka inalinda waya wa ukutani. Ukiweka ya ampea 32 kwenye waya uliostahili 16, umeifanya waya iwe fyuzi, na waya huungua ndani ya ukuta usikouona.

MITA INAKATAA TOKENI

Tokeni ni tarakimu 20. Mara nyingi kosa ni tarakimu moja, au tokeni imenunuliwa kwa nambari ya mita ya zamani. Pili, kibodi ya kuingizia tokeni: betri zake zimekufa, au imechomekwa kwenye soketi yenye kelele ya vifaa vingine. Ihamishe hadi soketi nyingine.

Kisha kuna mita ambazo hazikufanyiwa mabadiliko kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, siku ambayo hesabu ya tarehe ndani ya mita za tokeni duniani ilifika mwisho wake. Mita ya aina hiyo iliyolala kwenye nyumba tupu tangu hapo itakataa kila tokeni. Dawa yake ni tarakimu za kuisahihisha, zinazoingizwa kabla ya tokeni yenyewe. Ukipata ujumbe wenye mafungu matatu ya tarakimu 20, ingiza kwa mpangilio ulioandikwa, la kwanza, la pili, ndipo la tatu. Ukikosa ujumbe huo, anza na *977# ya Kenya Power.

PESA NYINGI, YUNITI CHACHE

Siyo hitilafu ya waya, lakini naulizwa kila wiki. Chanzo cha kwanza ni kubadilika kwa kundi. Tangu bei za Aprili 2023, nyumba inayotumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi ina bei yake, ya 30 hadi 100 yake, na ya zaidi ya 100 yake. Wageni wa Desemba wanaweza kukupandisha kundi.

Cha pili ni makato, na hapa mitambo ya mafuta inaingia mfukoni mwako. Soma ujumbe wa tokeni hadi chini: kuna gharama ya mafuta inayobadilika kila mwezi. Mitambo kama Muhoroni ikifanya kazi sana, au mafuta yakipanda, mstari huo unanenepa kwa kila mtu, wa Kisumu na wa Mombasa sawa. Mtu ataniuliza, kwa nini basi wasitumie gesi asilia, kama wenzetu wa Kinyerezi II kule Dar es Salaam, megawati 240? Kule gesi inafika kwa bomba, na joto linalotoka kwenye pangaboi la gesi halitupwi. Linachemsha maji, mvuke unazungusha pangaboi la pili. Kutoka kwa gesi ileile unapata stima mara moja na nusu. Kwetu bomba la gesi halipo. Na mtambo wa namna hiyo unataka kuzunguka mchana na usiku ili ulipe gharama yake. Wa Muhoroni unaitwa jioni, unarudishwa kulala. Joto lake linapanda na moshi kuwapasha ndege wa Nyando.

Cha tatu ni yuniti kuvuja. Zima kila kitu, swichi kuu ikiwa juu, utazame kataa kekundu ka mita. Kakiendelea kupepesa kila baada ya sekunde chache, kuna kinachokula: waya uliovuja ardhini, au mtu aliyejiunganishia. Sasa shusha swichi kuu. Kakipepesa bado, mla yuko kabla ya boksi lako. ACHA, usifuate waya usiku peke yako, ripoti.

BOMBA AU FRIJI INAKUTEKENYA MKONO

ACHA. Swichi kuu chini. Mtekenyo mdogo leo miguu ikiwa mikavu ni kifo kesho miguu ikiwa na maji. Kwa kawaida kifaa kimevuja na waya wa ardhi haupo au umekatwa. Mara nyingine ile nondo ya shaba inayochomekwa ardhini imeng'olewa na wauza vyuma chakavu. Usioge, usifungue bomba la chuma, hadi fundi apime.

MJI MZIMA GIZA

Chomoa friji, televisheni na kompyuta, acha taa moja ikuambie stima imerudi, halafu ngoja dakika tano. Kurudi kwake kwa kwanza huwa na mruko. Kakamega na Kisii, kwenye radi nyingi, chomoa hata waya wa antena kabla mvua haijafika.

Sababu zinaweza kuwa ndogo kuliko unavyodhani. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya kituo cha umeme wa maji cha Gitaru, akaangukia transfoma, zikapotea megawati 180 na nchi nzima ikazimika. Tumbili alipona. Kuirudisha gridi si kama kuwasha swichi: vituo vya maji na mapangaboi ya gesi huamka kwa dakika, vya mvuke huchukua muda, na mitaa hurudishwa kwa zamu ili uzito usiangushe tena kilichosimamishwa. Jirani wa Milimani akipata kabla yako, si lazima iwe hongo.

JENERETA INAWAKA LAKINI HAITOI STIMA

Tazama bereka yake ndogo kwanza, kisha jaribu soketi nyingine. Iliyolala miezi mingi hupoteza usumaku wake, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikizima yenyewe baada ya dakika moja, pima oili. Nyingi zina kizuizi kinachoizima oili ikipungua. Iweke nje, mbali na dirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoua waliolala bila kuwaonya.

Na wale wenye ile kebo yenye plagi ya kiume pande zote mbili, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani ili jenereta ilishe nyumba nzima: ikate leo kwa koleo. Stima yako inatoka kwa mita, inapanda nguzo, transfoma inaipandisha hadi volti elfu kumi na moja, na juu ya nguzo hiyo kuna kijana anayeamini laini imezimwa. Fundi akufungie swichi ya chenjiova, ile isiyoruhusu pande mbili kukutana.